Jasho la Gauni la Njano

Dobi huyu hakuwa mtu wa mzaha. Ukimpelekea shati lenye kola chafu, atakuuliza shingo yako huwa unaioshea wapi, na ukithubutu kujibu atakurudishia likiwa bichi. Wateja walimvumilia kwa sababu hakuna aliyepiga pasi kama yeye. Dunia nzima alimpenda mtu mmoja tu bila masharti, naye hakuwa mkewe.

Alikuwa mwigizaji wa michezo ya nyimbo, yule watu waliyemwita Bibie, ambaye picha yake ilibandikwa mlangoni mwa ukumbi mkubwa tangu dobi akiwa na nywele nyeusi. Kwa miaka kumi na minane dobi ndiye aliyefua mavazi ya ukumbi ule. Hakuhitaji gazeti kujua Bibie ameimba vipi. Kila Jumatatu alilitandaza mezani gauni la njano, lile la wimbo wa mwisho, akalisoma mgongoni. Wimbo wenyewe ni mrefu na unapanda. Anayeuimba kwa kifua chake hutota, na jasho likikauka huacha mistari myeupe ya chumvi. Chumvi ikiishia mabegani, Bibie alikuwa na mafua. Ikifika kiunoni, watu walisimama kumshangilia.

"Jana kawamaliza," alikuwa akimwambia mkewe.

"Na mgongo wangu mimi uliwahi kuusoma lini?" mkewe alikuwa akijibu, huku akiendelea kukunja mashuka.

Shida ilianzia kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, kinyozi wa duka la pili kutoka lake. Siku moja, mbele ya watu waliosubiri kunyolewa, kinyozi alisema, "Shemeji, huyo Bibie wako siku hizi anachezesha midomo tu. Sauti inatoka kwenye spika. Mimi namnyoa fundi mitambo wa pale."

Dobi alimpa vidonge vyake. Alimwita mmbea, mvivu, mtu asiyeweza hata kunyoa ndevu za mwenziwe. Akaapa kwamba hakuna amjuaye Bibie kama yeye. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na mkewe akawa anapeleka salamu huku na huku kama tarishi.

Halafu Jumatatu moja gauni likaja kavu. Dobi alilinusa kwapani, akaligeuza, akalinusa tena. Manukato matupu. Jumatatu ya pili vilevile, na ya tatu. Hakumwambia mtu. Aliona ametukanwa, yeye binafsi.

Alhamisi asubuhi alilibeba gauni hadi chumba cha kuvalia cha Bibie. Miaka yote hiyo hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu.

"Nimelirudisha bila kulifua, mama," alisema. "Halina uchafu. Wewe huimbi."

Bibie aliweka kitana chini. "Nani kakutuma?"

"Mgongo wako."

Bibie alimtazama kupitia kioo. "Koo langu lina kidonda. Daktari kanikataza wimbo ule mpaka nipone, na mwenye ukumbi hataki kusikia habari ya kufunga. Ulitaka nifanyeje?"

"Uwaambie watu. Au uimbe. Mimi nimekosana na shemeji yangu kwa ajili yako."

"Nilikuomba mimi ukosane naye? Kazi yako kufua. Toka."

"Mimi nafua jasho," alisema dobi. "Manukato wapelekee wengine."

Alirudi akijiona mshindi. Siku tatu nzima alipiga pasi akiupiga mluzi wimbo ule wa mwisho.

Jumatatu kinyozi aliingia dukani kwake bila kubisha hodi. "Haya shemeji, umeshinda. Jana kaimba mwenyewe. Ila fundi mitambo anasema katikati ya wimbo sauti ilikatika. Akawa anafumbua mdomo, hakitoki kitu. Watu wakazomea. Wamemtoa kashikilia taulo mdomoni lina damu, na daktari hajui kama sauti itarudi."

"Nenda kwako," dobi alisema, bila kupaza sauti.

Furushi la ukumbi lilikuwa limeshafika. Alilifungua, akalitandaza gauni mezani. Chumvi ilikuwa imepita kiuno, imeshuka mpaka karibu na pindo. Hakuwahi kuona jasho kama lile. Kwenye kola palikuwa na kijikaratasi kilichobanwa kwa pini, kimeandikwa neno moja: Umeridhika?

Aliona haya, haya ya mtu mzima aliyekamatwa. Mkewe aliingia na ndoo ya maji, akaona karatasi, akaisoma, akaliangalia gauni.

"Kaimba?" aliuliza.

"Kaimba."

Dobi alilizamisha gauni majini. Chumvi ilitoka kwa maji ya kwanza. Yeye aliendelea kusugua.