Mashine ya Saa ya Baba

Kazi yangu ni kushona nguo hapa Kambarage. Saa ni starehe yangu tu, wengine wana bao. Nikiona saa ya zamani, ile ya kujaza isiyotumia betri, imesimama, situlii mpaka niifungue. Nimefungua nyingi. Zilizopona ni chache na sipendi kuulizwa.

Niliyoiogopa ni moja, ya baba. Mama alimnunulia kwa hela ya pamba yake mwenyewe, wakiwa vijana. Ilisimama mimi nikiwa mdogo, mama naye akatutoka baadaye, na baba akaendelea kuivaa hivyo hivyo. Siku aliyoniruhusu kuifungua nilikuta kutu imekula kila kitu. Nikamwambia dawa ni kutoa mashine yote ya ndani na kuweka nyingine. Mzee akasema, "Sasa ukishaitoa, mwanangu, itakuwa bado saa ya mama yako?"

Lakini mimi mbishi, nikapanda basi kwenda Katoro. Kule wachimbaji wa dhahabu wakipata wananunua saa, wanashuka nazo shimoni, zinakufa. Nikamkuta mama mmoja anayeuza simu kuukuu, ana beseni zima la saa mbovu. Nikaanza kuchokonoa, naweka moja moja sikioni. Akanitazama weee, mwishowe akauliza, "Dada, hizi unakwenda kuchenjua?"

Alidhani nitazisaga nitoe dhahabu. Kule hata ukiokota msumari watu wanahisi una siri. Bei ikapanda hapo hapo. Ikabidi nimweleze habari za baba na mama, zote, mpaka nikajikuta nalia mbele ya simu za watu. Akainama chini ya meza, akatoa saa aliyokuwa ameitenga. Kasha limebonyea, kioo hakuna, lakini aina ni ileile na ndani ilikuwa inapiga. "Hii ndiyo nzima," akasema. "Mpelekee mzee." Njia nzima ya kurudi niliishika mkononi nacheka peke yangu.

Nikabadilisha mashine. Mishale ikatembea, tarehe ikabadilika saa sita usiku, mshale ukiwa kwenye kumi na mbili, sawasawa. Nilipompa, baba alishukuru kwa adabu tu. Akaipanga upya kwa mtindo wake wa kizee, kwamba ikiwa saa moja, mshale uwe kwenye moja, wala usiwe kwenye saba. Akaenda kulala.

Alfajiri nikamkuta uani. Nikamwamkia, akaitikia, na jicho langu likaenda kwenye saa. Tarehe ilikuwa bado ya jana. "Baba, nimeiharibu. Ilete niifungue."

Akauficha mkono. "Subiri kwanza."

Mwanga ukapanda juu ya paa la jirani. Mishale ikafika kumi na mbili, na kile kinamba cha tarehe kikaruka. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Na mimi fundi mzima nilisahau kwamba tarehe inafuata mshale ukifika kumi na mbili, na kwa saa ya baba hapo ni asubuhi, siku inaanza.

"Mama yako alikuwa ananiletea uji kinamba kikiruka hivi hivi," akasema, akiipangusa saa kwa kanzu yake. "Ni yake hii. Haya, uji uko wapi?"