Maji Tumboni mwa Mashua

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa kama nguo aliyojishonea mwenyewe. Fundi cherehani gani huyu asiyeweza kukaa kitako? Atashona bega moja, ainuke kuchungulia sufuria, arudi, atoke tena uani. Na kila akitoka uani, macho kwa macho na mashua.

Ilikuwa mashua ndogo ya tanga, imekalia trela lake kando ya kamba ya kuanikia nguo. Mumewe, dereva wa lori, aliinunua kuukuu, akamfundisha mkewe kuiendesha ziwani, kisha safari zikamzidi. "Nikirudi tutaishusha majini," alisema kila alipopiga simu. Akirudi, analala, akiamka, anaondoka. Mvua yenyewe haikusafiri. Ilinyesha, ikapenya kwenye tundu la mlingoti, ikajaa tumboni mwa mashua, na wa kuyatoa maji hayo ni yeye.

Kazi aliijua. Aliinua pua ya trela kwa jeki ili maji yakimbilie nyuma, akafungua kizibo cha chini, yakatoka. Yale sugu, yaliyojibanza kati ya mbavu za mbao, aliyakumba kwa dumu lililokatwa, akamalizia na kipande cha godoro: nyonya, kamua, nyonya, kamua. Yalinuka soksi za safari.

Asubuhi moja alikuwa amepiga magoti humo, kichwa chini, wifi yake alipoingia uani.

"Wifi, hiyo mashua au mtungi?"

"Naikausha. Kaka yako akirudi..."

"Akirudi atakuta umeota magamba!"

Fundi alicheka, lakini neno lilimchoma. Miaka yote hiyo anakausha chombo kisichokwenda majini! Akasimama, godoro likimchuruzikia miguuni.

"Twende ziwani."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Wifi alidhani ni utani, mpaka akamwona anabisha hodi kwa jirani muuza matunda mwenye pikapu. Kufumba na kufumbua trela limefungwa, wamo njiani, fundi amekaa ukingoni mwa kiti, goti likimchezacheza.

Waliishusha mashua, wakapandisha tanga. Upepo ukalijaza taratibu, ufuko ukaanza kurudi nyuma, na lile goti likatulia. Halafu wifi akainua miguu.

"Mimi mambo ya vyombo siyajui. Ila huwa mnaoga humu humu?"

Maji yalikuwa vifundoni. Fundi akashtuka: kizibo! Kilibaki nyumbani, juu ya ukuta wa uani, kando ya sabuni.

"Kisigino, wifi! Zibia lile tundu, usikitoe hata ukiitwa peponi!"

Wifi akakandamiza. Mashua ilikuwa imeshaanza kwenda mrama. Fundi akaigeuza, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukikumba maji kwa mkoba wa wifi, maana dumu nalo lilisahauliwa.

"Mkoba wangu wa harusini!"

"Nitakushonea mwingine! Kanyaga!"

Walifika wazito kama kiboko. Jirani akawavuta, trela likapanda mteremko, na maji yakamwagika kwa tundu lile lile yaliloingilia. Wakakaa mchangani, chapachapa. Wifi ndiye aliyeanza kucheka. Fundi akafuatia, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kidogo hata kicheko kilipokwisha. Wifi akamshika mkono, asiulize.

Jioni mume akapiga simu.

"Mashua vipi?"

"Ipo. Leo tulikuwa nayo ziwani."

"Wewe na nani?"

"Na dada yako. Tulizama nusu."

"Nikirudi..." akaanza.

"Ukirudi, ututafute majini."

Mume akauliza polepole kama mtu aombaye lifti: "Kuna nafasi ya watu wangapi humo, vile?"

"Si unajua. Uliinunua wewe."

Fundi hakujua kama kweli atakuja. Aliweka simu mezani, akaichukua, akaiweka tena. Kisha akavaa kandambili, akaenda kwa jirani kumuuliza kama pikapu ina kazi Jumamosi.