Ndagala Juu ya Paa

Mama alifunga wale ndagala kwa hasira. Nilikuwa nimeshawatoa kwenye sanduku mara mbili, nikimwambia kwamba mtu hapandi ndege na samaki wakavu, naye kila mara aliwarudisha, akawabana katikati ya nguo zangu pamoja na chupa ya mawese, kisha akalikalia sanduku mpaka zipu ikafunga. Alikuwa amekwenda Magara, kando ya ziwa, mwenyewe kuwachagua, kwa akina mama wanaonunua kwa wavuvi kabla wachuuzi wa Bujumbura hawajafika, halafu akawaanika tena uani kwetu Rumonge ili wasiharibike njiani. "Utanishukuru," alisema. Sikumjibu, maana mimi nina hasira za karibu, na nikianza kujibu huwa sijui kuacha.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma Kasablanka, huko Moroko. Kwetu mtoto akienda kusoma ng'ambo anakuwa wa mtaa mzima. Jirani alileta sweta, mwalimu wangu wa madrasa alileta dua, na shangazi alileta maonyo mengi kuliko sweta na dua vikiwekwa pamoja. Niliondoka nikijiona mtu mkubwa.

Kasablanka haikunijali. Siusemi mji kwa ubaya, ila ulikuwa na shughuli zake. Watu walitembea kama wameitwa, tramu ilifunga milango usoni kwangu, na baridi ya kule haikai nje, inaingia nayo ndani na kukaa. Mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa. Wasichana wawili wa Burundi waliotangulia walinipa nafasi ya godoro jikoni kwao, na hadi leo nawaombea heri, kwa sababu jiko lenyewe lilikuwa dogo na kila aliyetaka chai ilibidi anivuke.

Nilitafuta chumba kila nilipotoka darasani. Wenye nyumba wengine walikuwa na chumba tulipoongea kwa simu, nami nilipofika mlangoni wakiniona, chumba hakipo tena. Nilirudi nikilia kwenye tramu bila kujificha. Ndipo mwanafunzi mwenzangu akanipeleka kwa mama mmoja mjane, mwenye jengo la zamani la ghorofa tatu. Yeye mwenyewe alikaa chini, wapangaji katikati, na juu kabisa, kwenye paa la bapa ambako wote walianika nguo, palikuwa na chumba kimoja. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaniambia kwa Kifaransa chake cha haraka, "Mimi nataka amani na majirani tu. Ukiwagombanisha na mimi, unaondoka."

Nilikubali hata kabla hajamaliza. Kilikuwa chumba cha kitanda, meza na dirisha, na mimi nilikiona kasri. Jioni ile nilikuta mtu ameniwekea blanketi zito kitandani. Sikuuliza ni nani, lakini nililala nikimshukuru Mungu na mwenye nyumba kwa pamoja.

Sasa nifungue sanduku lote, maana kule jikoni nilikuwa nikichomoa nguo za juu tu. Chupa ya mawese ilikuwa imevuja, na mfuko wa ndagala, hao ambao Watanzania huwaita dagaa, ulikuwa umeshika unyevu. Mtu yeyote wa pwani yetu ya ziwani anajua cha kufanya: ndagala wakishika unyevu hungoji, unawatoa juani palepale, la sivyo ukungu unawala kabla yako. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa na jua limetoka vizuri. Nilitandika kitenge changu juu ya paa, nikawamwaga ndagala, nikawasambaza kwa kiganja mpaka hakuna aliyemlalia mwenzake. Pembeni mashuka meupe ya jirani wa ghorofa ya pili yalikuwa yakipepea. Sikuona tatizo. Kwetu nguo na samaki huchangia jua moja, na anayelinda kimoja analinda na kingine.

Nililinda, kweli, nikiwa na fimbo ya ufagio. Nilijua kunguru na mwewe wa Rumonge na ujanja wao wote. Nisichojua ni kwamba Kasablanka ni mji wa bahari, na bahari ina shakwe. Niliingia chumbani kuchukua maji tu. Niliporudi, paa lilikuwa jeupe kwa mabawa. Walikuwa wanapigana, wanapiga kelele, wanawaburuta ndagala wangu wenye mawese juu ya mashuka ya watu, na walichokula asubuhi walikiacha palepale. Nilipiga fimbo, nikapiga kelele kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Waliondoka walipotosheka.

Jirani alipanda akayaona mashuka yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwalimu aliyestaafu, na siku hiyo alikuwa akingojea wageni kutoka mbali. Alinisema. Kiarabu changu ni cha madrasa, hakina maneno ya ugomvi, kwa hiyo nilisimama tu na fimbo yangu. Mwenye nyumba naye alipanda, akatazama mashuka, kitenge, manyoya, mimi. "Tutaongea baada ya sala ya Ijumaa," alisema. Nilijua maana yake. Nilianza hata kukunja nguo.

Nilimpigia mama nikimlaumu. Nilimwambia hao ndagala wake ndio wamenifukuzisha. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umekwenda kuomba musamaha?"

"Bado. Naenda sasa."

"Usiende peke yako, mutoto. Tafuta mukubwa akusemeye."

Alisema kweli. Rumonge, ukimkosea jirani, huendi kuomba radhi mwenyewe kama vile huna kwenu. Anatangulia mtu mzima wa kwenu, wewe unakuja nyuma, kichwa chini, na unanyamaza mpaka yeye amalize. Kwenda peke yako ni kosa la pili.

"Mama, huku sina mukubwa."

"Unalala mu nyumba ya nani?"

"Ya yule mama."

"Basi mukubwa wako ni uyo."

"Mama! Ni uyo ndiye anataka kunifukuza!"

"Unalala kwake, ni mama yako. Weye na masomo yako yote, hii hauione?"

Nilitaka kubishana. Akakata simu, na muda si mrefu akanitumia ujumbe wa sauti, akasema nikamsikilizishe mwenye nyumba.

Watu waliporudi msikitini nilishuka nikabisha kwa mwenye nyumba. Alifungua akiwa tayari na maneno yake. "Nimefikiri," alianza, "hicho chumba..." Kwetu mtoto hamkatizi mtu mzima, na sijui nilipata wapi huo utovu, lakini nilimnyooshea simu nikabonyeza. Sauti ya mama ikajaa kwenye ukumbi wa watu: "Mama, amahoro. Mimi niko mama ya uyo mutoto. Iko mubishi, lakini hana roho mubaya. Analala kwako, sasa iko wako pia. Umusemeye kwa jirani. Murakoze cane."

Nilitafsiri kwa Kifaransa, kuanzia salamu ya amani hadi asante sana ya mwisho, na pale pa ubishi sikupunguza kitu. Mwenye nyumba aliitazama ile simu.

"Mama yako ananijua?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini ananipa kazi?"

"Kwa sababu ninalala kwako."

Alinitazama kama mtu aliyepewa mzigo sokoni na asiyemjua. Kisha akavaa viatu vyake, akajitanda mtandio, akaanza kupanda ngazi mbele yangu, taratibu, mkono mmoja kwenye ukuta, maana magoti yalimsumbua. Nilimfuata kichwa chini. Sijawahi kupanda ngazi nikiwa na shukrani na hofu nyingi kiasi kile.

Jirani alifungua. Waliongea Kiarabu chao, na niliambulia machache: binti, samaki, mama, mbali. Jirani aliuliza jambo kwa ukali akininyooshea kidole. Mwenye nyumba alimjibu polepole, na safari hii kwa Kifaransa, nadhani ili na mimi nisikie: "Huyu ana mama. Mama yake amenisalimia leo, akaniachia yeye. Kwa hiyo mashuka yako nimeyachafua mimi."

Nililia pale mlangoni. Sikulilia chumba, nilikuwa hata nimekisahau. Jirani aliliachia komeo, akaingia ndani na kurudi na yale mashuka. Alinitupia mikononi, si kwa upole sana, akasema niyafue vizuri, yakikauka nimletee, nikae nile na wageni.

Tulipokuwa tunashuka, mwenye nyumba alisimama katikati ya ngazi kupumzisha magoti. "Mwambie mama yako chumba ni chako mpaka umalize masomo," alisema. "Na mwambie samaki wake wananuka."

Nilimtumia mama ujumbe palepale kwenye ngazi, mashuka kwapani. La chumba nilimwambia, la harufu nikalimeza.