Madoa Kabla ya Harusi

Harusi yangu ilipokaribia, shangazi aliniweka ndani. Kwetu Mkwiro, kisiwani, mwari hatoki. Hukaa chumbani akasuguliwa singo mpaka ngozi ilainike. Shangazi ndiye aliyekuwa somo wangu, wa kunifunda na kunisugua. Aliponda liwa, maua ya waridi na karafuu, kisha akakamulia ndimu nyingi kuliko kawaida, maana alisema uso wangu umekaushwa na chumvi.

Lakini bamvua lilikuwa limeingia. Maji yanapokupwa sana ndipo tunapovuna mwani, na mama alikuwa na homa. Mwani ulioiva usipotolewa hukatika ukachukuliwa na maji. Basi nilipangusa singo kwa kitambaa, nikajitanda kanga, nikashuka pwani. Shangazi hakunikataza. Alisema tu, "Usiwatazame watu."

Kesho yake uso uliwaka kama uliopakwa pilipili. Wekundu ulipopungua yakabaki madoa meusi kwenye paji la uso, na michirizi miwili kutoka shavuni hadi kidevuni. Niliosha kwa sabuni. Hayakutoka.

"Nani amekuonea kijicho, mwanangu?" shangazi aliuliza, akaanza kusoma dua.

Wasichana wa jirani walichungulia dirishani. "Bi harusi kajichora piko mpaka usoni!" mmoja alisema, wakacheka. Niligeukia ukuta.

Habari zikavuka maji. Mama wa mchumba wangu, anayekaa Msambweni, alituma neno kwamba harusi isimame mpaka ajue kama ni maradhi ya damu. Hakutaka wajukuu wazaliwe nayo. Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Shangazi akanipeleka hospitali ya huko Msambweni. Daktari alikuwa kijana wa bara.

"Umejipaka nini, dada?"

"Hajapaka kitu," shangazi alijibu kabla yangu. "Huyu ni mwari."

Mambo ya singo haambiwi mwanamume. Daktari akanitazama tena, akaanza kuandika. Mimi si msemaji. Hata shuleni nilipoulizwa nilitazama miguu yangu. Lakini niliona kwamba tukiondoka hivi, tutarudi nyumbani na dua zilezile.

"Ndimu," nilisema. "Nilipaka singo ya ndimu, kisha nikaenda juani."

Shangazi alinifinya paja. Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi huungua, ikapona na weusi. Si maradhi ya damu, wala hayaambukizi. Yatafifia yenyewe, pengine baada ya miezi. Nisisugue chochote, na nijikinge na jua.

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea."

Alinifunua ushungi, akapitisha kidole gumba juu ya mchirizi, kwa nguvu, kisha akakitazama kidole. Nikamweleza maneno ya daktari.

"Ndimu?"

"Ndimu, mama. Na jua la mwanini."

Alinirudishia ushungi. "Na sisi tuliwekwa ndani," alisema, "tukaambiwa ni heshima ya mwari. Habari ya jua hawakututajia." Akamgeukia shangazi. "Nikahi isomwe Ijumaa, inshaallah. Kupambwa kungoje uso."

Ijumaa nikahi ilisomwa msikitini. Hakukuwa na kupambwa, wala ngoma ya wanawake, wala picha za simu. Shangazi alilia jikoni.

Alasiri mume wangu aliingia chumbani akatoa salamu. Aliniinulia ushungi, akanitazama zaidi ya nilivyoweza kustahimili.

"Inauma?"

"Haiumi."

Jua lilikuwa likiingia dirishani, likifika pale nilipoketi. Akainuka akavuta pazia.