Miguu ya Gladwell

Gladwell Ciakuthii ni mwalimu wa chekechea, anaishi Majimbo, Embu. Alipomzika mtoto wake wa pekee aliacha kula, akaacha hata kuoga, mpaka daktari akamwanzishia dawa ya depresheni. Ilimsaidia, akarudi darasani. Lakini hakumwambia mtu.

Jumapili moja kaka yake mdogo, Mutegi, anayesomea mambo ya dawa chuoni Nchiru, alimtembelea. Wakila githeri akamsimulia utafiti aliokuwa akiusoma, kuhusu dawa moja ya depresheni iliyoondolewa sokoni kabla wao hawajazaliwa, kwa sababu baadhi ya walioitumia walipooza. Gladwell aliweka kijiko chini, akasema ameshiba.

Aliendelea na tembe zake kwa hofu. Kisha akaugua tumbo vibaya, na alipopata nafuu tu, akaamka asubuhi nyayo zimekufa ganzi. Kufikia adhuhuri magoti hayakumbeba. Jirani yake, Sheila, alimkuta sakafuni jikoni, akampeleka hospitali.

Ili kupima nguvu ya pumzi zake, Daktari Runji alimwambia ahesabu kwa sauti bila kuvuta pumzi. Alirudi kila baada ya muda kumhesabisha tena, na Gladwell akaelewa kwamba ganzi ile inaweza kupanda hadi kifuani. Akamsimulia aliyosema Mutegi, akamwuliza kama chanzo ni dawa.

"Unayotumia si ile ya zamani," daktari alisema. "Ugonjwa ndio unafanana. Kinga ya mwili imeshambulia neva, na nadhani ilianzia kwa lile tumbo. Lakini siwezi kukuapia."

Hilo la mwisho ndilo lililomtetemesha.

Mutegi alifika akiwa amefura macho. "Dada, kumbe unatumia dawa. Si ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba kichwa changu ni kigonjwa?"

Udhaifu ulifika kiunoni, ukasimama hapo. Miezi ikapita kabla hajatembea akishika ukuta. Dawa ya depresheni aliikataa kabisa, ingawa daktari alimshauri asiiache. Mawazo mazito yakarudi, na siku moja Sheila akamkuta amelala mchana, mapazia yamefungwa, hajala tangu jana.

Mutegi akaja, akaketi kando ya kitanda, akamwekea tembe moja kiganjani. Alimwambia kwamba yeye pia anaogopa. Gladwell alishika ile tembe mpaka ikaanza kuyeyuka kiganjani, kisha akaimeza na kumwomba kaka yake asiondoke hadi kesho.