Nilizua Ugonjwa wa Mashavu Ili Nifiche Jino Langu

Naanza na hili kabla sijapata nafasi ya kujipamba: kosa ni langu. Si la Docta, si la sentinele, mlinzi wetu wa getini, wala si la korona. Ni langu mimi na jino langu moja la mbele. Jina langu sitalisema. Watu wa mtaa wetu wa Bel-Air watanijua tu, na wakinijua naomba wasinizomee barabarani, nimeshazomewa vya kutosha.

Mimi ni dada wa mapokezi kwenye kabineti ya meno, yaani kliniki. Korona ilipoingia Lubumbashi, Docta wetu aliogopa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Simlaumu! Mtu ambaye kazi yake ni kuinamia midomo ya watu iliyo wazi, tena na mashine inayorusha maji na mate hewani, afanye nini kama si kuogopa? Alivaa barakoa mbili, kioo cha uso, na juu yake koti la mvua la kijani, kama lile la wauza samaki sokoni. Wagonjwa walikuwa wakiingia wanadhani wamekosea mlango.

Mimi akanifanya mkuu wa usafi. Na kazi niliifanya, hilo msininyang'anye. Mgonjwa anaingia mmoja mmoja, wengine wanangoja uani kwenye viti vilivyoachana. Madirisha wazi hata kwenye baridi ya mwezi wa saba. Unanawa mikono getini, unasukutua dawa kabla ya kukaa, na ukitoka tu kiti kinapanguswa. Katika miezi ile mibaya hakuna hata mmoja wetu aliyeugua. Docta alikuwa akiniambia, "Bila weye, tungekufa yote." Nikavimba kichwa.

Basi likaja balaa la jino.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu, kwetu Ruashi. Kifungulio cha chupa kimepotea, watu wana kiu, na mimi kwa sifa zangu nikasema leteni hapa. Jamani! Mimi, ninayekaa siku nzima chini ya picha ya ukutani inayokataza kufungua chupa kwa meno! Mimi, ninayewagombeza wagonjwa kwa kosa hilohilo! Kizibo kilitoka, na kipande cha jino langu kikatoka nacho. Nusu iliyobaki ilichongoka kama msumari.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Lakini hilo lilikuwa jino la mwanya, na Trésor, mchumba wangu, mwanya huo ndio alioupenda kwanza kabla hajanipenda mimi mwenyewe. Alikuwa akinichekesha makusudi ili auone. Anafanya kazi mgodini, huko upande wa Kolwezi, na mjini anakuja mara mojamoja. Siku za posa zilikuwa zinakaribia. Nikajiuliza, akinichekesha na kukuta pengo, je?

Mtasema si ungemwambia Docta alitengeneze. Ee! Ninyi hamjakaa miaka nje ya mlango ule mkisikia sauti zinazotoka mle ndani. Kila siku niliwaambia wagonjwa, "Haiumi, mama, haiumi," na mwenyewe sikuamini hata neno moja.

Kwa hiyo barakoa, au cache-nez kama tunavyosema huku, ikawa kimbilio langu. Nilikula nimegeukia ukuta. Nilicheka kwa macho tu. Trésor alipokuja mjini nilimwambia, "Chéri, miye niko responsable wa usafi, siwezi kuitoa." Akanisifu kwa bidii yangu! Nikajiona mjanja kweli.

Kisha korona ikaanza kupungua. Watu wa afya wakaita mkutano wa makabineti, Docta akanituma mimi. Mkutanoni wakasema barakoa ibaki kwenye chumba cha matibabu, lakini mapokezi na uani watu wanaweza kuivua. Watu wakapiga makofi. Mimi peke yangu nilitaka kulia.

Nilirudi kwa miguu, taratibu, ulimi unagusa pengo. Docta alikuwa ananisubiri mlangoni na koti lake la mvua.

"Alors? Banasema nini?"

Ningesema ukweli mambo yangeisha pale. Lakini nilisikia mdomo wangu unasema, "Docta, kuko ugonjwa ingine."

"Ingine namna gani?"

"Ingine ya mu kinywa. Banasema cache-nez isitoke kabisa. Kwa bantu yote."

"Na utaijua ku nini? Signe yake ni nini?"

Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikatazama huku na huku, macho yakaangukia picha ya ukutani: mtoto amefungwa kitambaa kichwani, shavu moja limefura.

"Shavu kuvimba, Docta."

Nilidhani atacheka. Daktari wa meno, anayeona mashavu yaliyovimba toka asubuhi hadi jioni! Lakini hofu ikikukalia huoni mbele. Alirudi nyuma akashika ukuta. "Mungu yangu! Ule wa leo asubuhi nilimugusa na mikono yangu yote mbili!" Hakumpigia mtu simu kuuliza. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Toka siku hiyo, mtu mwenye shavu lililovimba akawa haruhusiwi kuingia. Nawaomba mlisikie vizuri hilo. Kabineti ya meno, na waliovimba mashavu marufuku!

Papa Félix, sentinele wetu, ndiye aliyepewa kazi ya kupima mashavu. Alikuwa anamsimamisha mtu getini, anamshushia barakoa kidogo, anafumba jicho moja na kulinganisha kulia na kushoto kama fundi anayeangalia ukuta umenyooka. Baba mmoja mnene alirudishwa mara mbili, na alikuja kusafishwa meno tu. "Nilizaliwa nayo!" alilia. "Hata mama yangu iko na mashavu kama hii!" Papa Félix akamjibu, "Basi na mama asikuye." Mwanamke mwingine alikuwa ananyonya bonbon, pipi tu, akazuiwa mpaka alipoitema na kuionyesha.

Walioingia ni wale wasioumwa. Docta anakaa, anaangalia meno mazuri, meupe, yaliyopangika. "Unakuya juu ya nini?" "Kuangalia tu, Docta." Wanaagana. Wenye maumivu wanalia nje ya ukuta, na ndani kumetulia kama kanisa siku ya Jumatatu.

Na habari zikatembea. Mtaani watu wakaanza kushikana mashavu asubuhi wakisalimiana. Nilisikia mama mmoja sokoni anamweleza mwenzake dalili zote za ugonjwa wangu, na nyingine mbili ambazo mimi sikuzizua. Nusura nimwamini.

Sasa naomba mnisikilize, hapa si pa kucheka tena.

Asubuhi moja Papa Félix akaniita getini. Nje amesimama mzee, koti refu, kofia mkononi. Barakoa yake ilikaa upande kwa jinsi shavu lilivyoisukuma. Mimi nikasimama mbali, ndani ya geti.

"Bonjour, papa. Munaumwa nini?"

"Jino, mama."

"Fungueni kinywa nione."

Akatikisa kichwa, macho chini. "Hapana, mama. Kwa Docta njo nitafungua."

"Kuko mutu wenu hapa, munamujua?"

Akaigeuza kofia mkononi. "Hapana. Minakuya tu."

Hakuniangalia hata mara moja. Nikajiambia huyu anaficha ugonjwa. Ugonjwa gani, mwanamke wewe? Ule uliouzua mwenyewe! Lakini nilikuwa nimeusimulia sana hadi nikaanza kuuona kwa macho.

"Papa, rudieni ku nyumba," nikamwambia. "Uvimbe ukishuka, mutarudia."

Hakubisha. Alipinda magoti kidogo, akapiga makofi mawili ya heshima, taratibu, akasema "Wafwako", asante ya Kiluba. Akaondoka ameshika shavu. Nikarudi mezani kwangu nimeridhika na kazi.

Jumamosi ilikuwa siku ya familia ya Trésor kuja kujionyesha kwetu. Mama alikuwa amepika kuku na matembele, ugali wa bukari unafuka, kinywaji cha munkoyo kwenye ndoo mpya. Wakafika wawili tu, Trésor na shangazi yake, Mama Georgette. Nyuso zimeanguka. Mama Georgette akapiga makofi, akasema hawawezi kutuma habari kama hii kwa simu kwa watu ambao wanataka kuwa buko, yaani wakwe. Kwa hiyo wamekuja kusema wenyewe: baba mtu hakuja, yuko hospitali.

"Ni jino tu," alisema. "Jino! Likavimbisha shavu, shavu likashuka mu shingo. Hata mate yake hakuweza kumeza. Balimupasua hapa, bakaingiza mupira, njo anapumua."

Mama yangu akashika kichwa. "Na hamukumupeleka kwa docta ya meno?"

"Alienda! Balimurudisha ku gate. Balimwambia uvimbe ukishuka, njo atarudia."

Trésor alikuwa ananitazama mimi tu.

"Miye njo nilimutuma kule," akasema polepole. "Nilimwambia, kule kuko muchumba yangu, atakupokea muzuri. Sema tu uko baba yangu."

"Na angesema namna gani?" Mama Georgette akamkatiza. "Ni buko! Habayaonana bado, halafu baba aende kufungua kinywa kyenye kuoza mbele ya muke ya mutoto yake? Alikataa. Alisema afazali afe."

Mzee hakuwa akificha ugonjwa. Alikuwa ananiheshimu! Jina lake na la Trésor si moja, kama ilivyo kwetu, na hata angelitaja nisingelijua. Alisimama mbele ya mkwewe na maumivu yale, akasema hana mtu pale, na mkwewe akamfukuza.

"Nani alikuwa ku gate ile siku?" Trésor akauliza.

Ningeweza kusema Papa Félix. Shetani alinong'ona kabisa, sema Papa Félix! Lakini mama alikuwa ananisukumia sahani kwa sababu wageni hawawezi kukaa bila kuonja. "Na weye toa ile kintu ku kinywa, ukule na bageni."

Nikavua barakoa. Nikafungua mdomo mbele ya wote, jino langu lililochongoka likiwa nje, nikasema, "Ni miye." Nikawaeleza yote, chupa, mkutano, picha ya mtoto, mashavu. Kuku alipoa.

Nilipomaliza Mama Georgette aliliangalia pengo langu kwa muda mrefu. "Kumbe ile ugonjwa ya mashavu iko ya kweli," akasema. "Mugonjwa njo alikuwa mumoja tu."

Wakasimama. Trésor akatoka wa kwanza.

Jumatatu nilimwambia Docta. Alivua koti la mvua, akalikunja, akaniambia nikae kitini. Nilikaa, nikafungua mdomo. Alifanya kazi yake bila kunigombeza, na kazi yenyewe ilichukua muda wa chai kuiva. Haikuuma! Nilikuwa nawaambia watu ukweli miaka yote bila kujua. Mwishoni aliniuliza, "Na mwanya, niuache?" Nikaitikia kwa kichwa, machozi yananiingia masikioni. Kisha akainuka, akafungua geti mwenyewe kwa mkono wake.

Nikaenda hospitali kabla jino halijamalizika kukauka, ndivyo nilivyoona mimi. Mzee alikuwa hai. Mpira shingoni, hawezi kusema. Aliponiona akageukia ukuta, buko bado ni buko. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha kwa mgongo wake. Mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukafanya ishara kwa Mama Georgette.

"Anasema ufungue kinywa."

Mbele ya mkwe! Mbele ya wodi nzima! Nikafungua. Mzee akageuka, akachungulia kama Papa Félix, jicho moja limefumbwa. Mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, jamani, anacheka na ule mpira, hadi manesi wakaja mbio kumshika na mimi nikafukuzwa wodini. Lakini nilikuwa nimeshamwona aliyesimama mlangoni. Trésor hakucheka.

Basi nawaambia ninyi mnaokaa kwenye mageti na meza za mapokezi. Masharti ya kuwalinda watu yashikeni kweli, yalituokoa. Lakini msiyageuze pazia la aibu zenu. Mtu akija ameshika shavu, mfungulieni kwanza. Na kama mwenye jino bovu ni wewe, fungua mdomo mapema mbele ya mtu mmoja, usisubiri kuufungua mbele ya wodi.

Mzee sasa amepona, amebaki na kovu shingoni. Anakuja kwetu kutazamwa meno, ananipigia makofi yake mawili, na mimi namfungulia kabla hajagonga. Trésor, ambaye posa hajaitaja tena, ndiye anayemleta kwa pikipiki akiwa mjini. Anamshusha nje ya geti na kumngojea palepale barabarani, barakoa usoni, ingawa mtaa mzima umeshavua.