Kinyoya Kilichogusa Mstari

Wenzangu tuliofika Brussels tukiwa watoto, tukakulia kwenye maghorofa ya mtaa wa Forest, mtanisahihisha nikikosea, lakini nadhani siku zile mtoto alianza kuujua mchezo wa jirani yake, nchi ya jirani akaja kuijua baadaye. Mimi jirani zangu walikuwa Waindonesia. Mlango wa kushoto alikaa Om Hendro, mpishi wa mgahawa, pamoja na mkewe na binti yao Wulan, tuliyelingana naye umri. Om kwao ni kama tonton kwetu, yaani mjomba, kwa hiyo nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeshangaa.

Kabla ya kuwajua nilidhani duniani kuna mchezo mmoja tu, kandanda. Waindonesia nao wanaipenda, tena kwa makelele, lakini badminton, huu mpira wa vinyoya, wanaucheza kama sisi tunavyoimba kwaya: kila mtu anajua sehemu yake na hakumbuki alifundishwa lini. Kila Jumapili mchana walikodi ukumbi wa michezo wa mtaa. Wazee walicheza wawili wawili, vitambi vikitangulia, na walitushinda sisi watoto bila kutoa jasho. Kina mama walifungua vyombo vya wali na tempe, vipande vya soya vya kukaanga, pembeni. Kila kinyoya kilipopigwa, ukumbi mzima ulipiga ukelele, “Eaaa!” Kwenye kona vijana walirushiana kwa miguu mpira uliosukwa kwa henzirani, na mimi nilipoujaribu nilichechemea siku tatu.

Jumamosi Om Hendro alishika vinyoya kimoja kimoja juu ya mvuke wa birika, ili manyoya yalainike yasikatike upesi. Jiko lao lilinuka bata aliyenyeshewa. Vijana wa leo wananunua vya plastiki kwa simu, vinaletwa mlangoni, na bado wanalalamika kwamba vimechelewa.

Kwangu kikwazo kilikuwa Maman, mama yangu. Kanisa letu la Wakongo lilianza asubuhi na halikuwa na haraka ya kumaliza.

“Donc, Yesu atangojea, juu weye unaenda kupiga manyoya?” aliniuliza.

Nilisihi majuma kadhaa mpaka akalegea, mradi ibada iishe kwanza. “Bon, utaenda kiisha culte. Ukule vizuri kwa bantu, useme merci, na usinipatishe honte.”

Mengine niliyasahau kabla ya kufika kwenye ngazi. Hilo la aibu nilitembea nalo.

Mwezi wa nane Waindonesia husherehekea uhuru wao kwa michezo, hata hapa Ubelgiji ambako mwezi huo mvua haina adabu. Watoto walishindana kula krupuk, zile kaki za kukaanga, zikiwa zimening'inizwa kwa kamba na mikono yao ikiwa mgongoni. Walikimbia ndani ya magunia. Watu wazima walivuta kamba na kutukanana kwa upendo. Zawadi zilikuwa vitu vya nyumbani, sabuni, taulo, mabeseni. Mtoto wa miaka kumi na mbili alishinda beseni akalibeba kichwani kwa fahari, na sisi wengine tulimwonea gere.

Mwaka huo mimi na Wulan tulifika fainali ya watoto. Tulipambana na ndugu wawili, wavulana wapole waliokuwa wakifanya mazoezi mwaka mzima. Na Maman, kwa mara ya kwanza, alikuja. Alikaa katikati ya kina mama wa Kiindonesia na kitenge chake cha kanisani, sahani ya tempe magotini, akisema “merci, merci” hata pale ambapo hakuna aliyempa kitu.

Sharti mjue kwamba pale hapakuwa na refa. Kinyoya kikianguka upande wenu, ni ninyi mnaosema kama kimeingia au kimetoka, na neno ni la yule aliye karibu na mstari. Hakuna anayebisha. Om Hendro alitufundisha hilo kabla hajatukabidhi raketi: ukiwa na mashaka, sema kimeingia.

Tulikuwa ishirini kwa kumi na tisa. Ilibaki pointi moja tushinde. Mmoja wa wale wavulana alikipiga kinyoya juu, kikapita kichwani pa Wulan, kikaja nyuma nilikosimama. Nilikiacha. Kikaanguka juu ya mstari, na mstari ni ndani. Sikuwa na mashaka hata chembe. Nikainua mkono nikasema kimetoka.

Wulan alikuwa amegeuka, na aliona. Alinitazama, akangoja kidogo. Wavulana wakapokea neno langu kama desturi ilivyotaka, wakaja kwenye wavu kutupa mkono wa pongezi. Maman alisimama akapiga kigelegele ambacho ukumbi ule haukuwahi kukisikia. Tulipewa mabeseni mawili ya bluu. Wulan alinipa na la kwake.

“Mpelekee mama yako,” alisema, kwa sauti yake ya kila siku.

Wiki mbili baadaye familia yao ilirudi Indonesia. Wiki hizo mbili zilinitosha kabisa kusema kweli. Tulionana kila siku kwenye ngazi, na kila siku nilikuwa na sentensi yangu tayari, na kila siku Om Hendro alinitangulia kwa kuwasifia wageni binti wa Kongo mwenye jicho kali la mstari. Tuliwasindikiza hadi kituo cha Gare du Nord kupanda treni ya uwanja wa ndege. Wulan aliniuliza mlangoni pa behewa kama nina neno la kumwambia.

Nikamwambia safari njema.

Sasa mimi ni muuguzi kule mtaa wa Woluwe-Saint-Lambert, hapa hapa Brussels, na Jumapili nisipokuwa na zamu nawapeleka wapwa zangu kucheza. Wanavaa viatu vyenye bei kubwa kuliko kitanda changu cha kwanza, na hawawezi kupiga pointi tatu bila kupumzika wajipige picha. Wana simu iliyofungwa kwenye nguzo inayorekodi kila kitu. Kinyoya kikileta ubishi, wanakimbilia simu, wanarudisha picha nyuma, wanacheka, wanaendelea. Hakuna anayebaki na kitu moyoni. Nawatania kwamba wamekuwa mahakimu, lakini ukweli ni kwamba nawaonea wivu. Sisi ilibidi mtu aseme kwa mdomo wake.

Mimi na Wulan tunaandikiana hadi leo. Hunitumia picha za wanawe wakicheza, nami humtumia za wapwa zangu. Anaulizia afya ya Maman, kazi, hali ya hewa ya Brussels. Lile swali la kituoni hajaniuliza tena.